Jibu kwa Msomaji: Je, Chai ya Kijani Inaweza Kusikika?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Mwalimu, shikamoo. Nilipewa zawadi ya kopo dogo la chai ya kijani ya Longjing, na rafiki yangu aliyeizoea ameniambia kwamba kila akiinywa husikia kama filimbi inapigwa mbali. Mimi nimeinywa siku tano mfululizo wala sisikii kitu. Siku moja ni chungu, siku nyingine ni kama maji yaliyopitiwa na majani. Je, rafiki yangu anaigiza, au ulimi wangu ni mzito? Na kama muziki huo upo, niweke muziki gani ninapoinywa ili nami niupate?"

Marahaba, ndugu msomaji, na ahsante kwa swali ambalo wengi wanalo lakini huona haya kuliuliza. Nianze na ulimi wako, kwa kuwa ndio ulioushtaki. Mtu aliyeonja kopo lile lile siku tano, akatambua kwamba siku moja ni chungu na siku nyingine ni hafifu, hana ulimi mzito hata kidogo. Ametambua jambo la kweli, kwamba kinywaji kilikuwa kikibadilika mikononi mwake ingawa majani yalikuwa ni yale yale. Kilichokuwa kikibadilika ni joto la maji na muda wa kuyaloweka majani. Kwa hiyo nakuomba tuuweke muziki kando kwa kitambo kidogo tulitazame jani lenyewe, maana chai iliyounguzwa na maji haina la kumsikilizisha mtu, hata awe na masikio mazuri kiasi gani.

Longjing ni chai ya jimbo la Zhejiang nchini China, na ile inayosifiwa kuliko zote hutoka katika vilima vinavyozunguka Ziwa la Magharibi mjini Hangzhou. Majani yakishachumwa huanikwa yapungue maji, kisha hukaangwa katika karai la moto, mkaangaji akiyakandamiza kwa kiganja hadi yawe bapa na laini. Moto huo una kazi mbili. Kwanza huvizima vimeng'enya vya jani ambavyo, vikiachwa, vingeligeuza rangi yake kuwa nyeusi kama ya chai iliyozoeleka. Pili huzaa harufu ya joto, inayofanana na ya mbegu zilizokaangwa, ambayo kemia yake inatokana na kundi la kemikali ziitwazo pirazini. Wajapani huvizima vimeng'enya hivyo kwa mvuke badala ya karai, na ndiyo maana sencha, chai yao ya kijani, hubaki na harufu ya majani yaliyokatwa sasa hivi, pamoja na kitu kinachokumbusha mwani na upepo wa baharini. Tafadhali ikumbuke tofauti hii ya karai na mvuke, kwa sababu tutakapofika kwenye muziki itatusaidia kuliko sifa zote zilizoandikwa kwenye makopo.

Sasa, kwa nini chai kama hii huitwa laini? Mchumo wa kwanza, ule unaofanyika kabla ya sikukuu ya Qingming ambayo huangukia tarehe 4 au 5 Aprili, hukuta mmea umetoka katika mapumziko ya majira ya baridi. Mizizi imetengeneza asidi amino iitwayo theanini, nayo imepanda hadi kwenye matumba machanga. Theanini ndiyo inayoipa chai utamu mzito usiofanana na wa sukari, unaokaribiana na ile ladha ya mchuzi uliokolea ambayo Mjapani Kikunae Ikeda aliipa jina la umami mwaka 1908. Theanini yenyewe ilitambuliwa nchini Japani mwaka 1949, katika majani ya chai iitwayo gyokuro. Jua linapokuwa kali, theanini huvunjika na mmea huongeza katekini, ambazo ni kemikali zenye uchungu na ukakasi. Ndiyo sababu wakulima wa gyokuro huifunika michai yao isipate jua kwa takriban siku 20 kabla ya kuchuma, na ndiyo sababu matumba ya mwanzo wa Aprili, yaliyokua chini ya jua dogo, ni matamu kuliko majani ya Juni. Ulaini basi haumaanishi kwamba chai imekosa nguvu. Ni uwiano: sauti za upole zimekuwa nyingi vya kutosha, na sauti za ukali zimekuwa chache vya kutosha, hata zikasikilizana.

Uwiano huo unavunjika kwa urahisi sana. Theanini hutoka katika jani hata maji yakiwa ya joto la wastani, lakini katekini na kafeini hutoka kwa wingi zaidi kadiri maji yanavyokuwa ya moto. Ukimimina maji yanayochemka juu ya matumba yale, unawapa nafasi wapiga kelele wazungumze kwanza, nao wakishaanza hakuna atakayesikia jingine. Hizo ndizo siku zako chungu. Siku zako hafifu, nadhani, ni zile ulizoogopa uchungu ukapunguza majani au ukayatoa mapema mno.

Fanya hivi. Pima gramu 3 za majani kwa mililita 150 za maji yenye nyuzijoto 75 hadi 80 za Selsiasi, na uyaache kwa dakika moja na nusu hadi mbili. Kama huna kipimajoto, chemsha maji, yamimine katika buli tupu, kutoka hapo yamimine katika kikombe kikubwa, kisha usubiri kidogo. Kila mmimino huyapunguzia maji nyuzijoto kadhaa, na baada ya mara mbili au tatu utakuwa karibu na mahali unapopataka. Tumia maji yasiyo na madini mengi, kwa kuwa maji yenye chokaa huifanya chai ipoe ladha na hujenga utando juu ya kikombe. Jambo hili si jipya: Lu Yu, aliyeishi China katika karne ya 8 na kuandika kitabu mashuhuri kuhusu chai, aliyapanga maji kwa daraja, ya milimani yakiwa ya kwanza, ya mtoni ya pili, na ya kisimani ya mwisho.

Huenda umewahi kusikia kwamba waonjaji wa kazi hutumia maji yanayochemka, na ni kweli. Ipo kanuni ya kimataifa, ISO 3103, inayotaka gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yaliyotoka kuchemka, kwa dakika 6. Lakini kanuni hiyo imewekwa ili chai nyingi zilinganishwe kwa masharti yale yale, na kasoro za kila moja zijitokeze wazi. Haikuwekwa kwa ajili ya kumburudisha mnywaji. Ni kama kumtaka mwimbaji apaze sauti kwa nguvu zake zote ili ujue mahali inapopasuka. Ni jaribio lenye faida, lakini hakuna anayeliita wimbo.

Tuseme sasa kikombe kimetoka vizuri. Kiache kipoe hadi uweze kukishika bila kujilazimisha, kwa sababu kinywa kilichoungua hakionji. Kisha fanya zoezi moja ambalo nimewafundisha watu wengi na ambalo, kwa maoni yangu, lina thamani kuliko maneno yote ya sifa. Ziba pua kwa vidole viwili, chukua funda dogo, lizungushe mdomoni, ulimeze. Ukiwa umeziba pua utapata utamu kidogo, uchungu kidogo, joto na ukakasi, wala hutaipata Longjing. Sasa achia pua na utoe pumzi polepole kupitia puani. Harufu itaingia kwa ghafla, kana kwamba mtu amefungua mlango wa chumba ambamo wapigaji walikuwa wakipiga muda wote bila wewe kujua. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu inayopanda kutoka nyuma ya kinywa hadi puani, na waonjaji wanaovuta chai kwa mdomo kwa kelele hufanya hivyo ili waitawanye chai kinywani na kuipandisha harufu hiyo pamoja na hewa.

Rudia zoezi hilo mara tatu, kisha uendelee bila kuziba pua, na safari hii ufuatilie mpangilio wa mambo. Hapa ndipo kiini cha jibu langu kilipo. Wanaoanza kuonja huulizwa "unapata nini?" nao hutaja vitu: maua, njegere mbichi, mbegu za kukaangwa. Mimi mwenyewe nilijaza daftari mbili kwa orodha za namna hiyo nilipokuwa nikijifunza, na nilipozisoma baadaye niliona kwamba chai kumi tofauti zilikuwa na orodha zinazofanana. Kilichozitofautisha hakikuwamo katika orodha, kwa kuwa sikuwa nimeandika nini kilitangulia, nini kilifuata, kipi kilipanda taratibu, kipi kilikatika ghafla. Nilikuwa nimeandika majina ya ala bila kuuandika wimbo. Tangu siku hiyo niliacha orodha, nikaanza kuchora mstari.

Nawe jaribu. Chukua karatasi, uchore mstari wa kulala unaowakilisha dakika mbili, ukianzia pale funda linapogusa ulimi. Juu ya mstari huo chora mawimbi: moja la utamu, moja la uchungu, moja la ukakasi, moja la harufu. Wachunguzi wa ladha katika maabara hutumia njia iliyo ndugu na hii, wakimtaka mwonjaji aonyeshe hisia fulani inavyopanda na kushuka kadiri sekunde zinavyopita. Katika Longjing nzuri iliyopikwa kwa upole, mara nyingi utaona harufu ya mbegu za kukaangwa ikitangulia, kisha utamu unaoenea pande mbili za ulimi bila kelele, kisha uchungu mdogo unaopita kama kivuli. Baada ya kumeza huja ukakasi. Ukakasi si ladha hasa, ni mguso: katekini hushikamana na protini za mate, mate yakapoteza utelezi wake, na ulimi ukahisi ukikwaruzana na kaakaa kwa namna nyembamba sana. Wakati unapodhani mambo yamekwisha, ukakasi unalegea, mate yanarudi, na kutoka kooni unapanda utamu ambao haukuwapo mwanzoni. Wachina wanalo neno lake, huigan, yaani utamu unaorudi. Sehemu ya sababu yake ni ulinganisho, kwamba uchungu ukiondoka kinywa kilichobaki huonekana kitamu. Lakini hata ukiijua sababu, mshangao wake haupungui.

Sasa unaona kwa nini watu wazima wenye akili timamu huizungumzia chai hii kama muziki. Picha huonekana yote kwa mara moja, nayo hukungoja. Chai hii, kama muziki, hujitokeza sehemu baada ya sehemu na hupotea huku ikijitokeza. Huwezi kuishika yote kwa pamoja ila kwa kumbukumbu. Kahawa nzito au chai nyeusi iliyokolea nayo hupita katika muda, lakini ukubwa wa ladha yake hufunika mpito huo. Chai laini ina vitu vichache na nafasi nyingi kati yake, na nafasi hizo ndizo zinazokufanya uwe msikilizaji.

Mtengeneza manukato wa London, Septimus Piesse, alijaribu katika karne ya 19 kuzipanga harufu kama ngazi ya muziki, kila harufu na sauti yake, kutoka zile nzito za chini hadi zile nyembamba za juu. Naiheshimu bidii yake, lakini naona alishika upande usiofaa wa jambo. Harufu ya ua haina sauti yake ya kudumu, kama vile neno moja lisivyokuwa na sauti ya kudumu nje ya sentensi. Kufanana kwa chai na muziki kumo katika mwendo: jinsi kitu kinavyoingia, kinavyokaa, na hasa kinavyoondoka.

Hata hivyo, uhusiano wa ladha na urefu wa sauti si njozi tupu. Katika Chuo Kikuu cha Oxford, Anne-Sylvie Crisinel na Charles Spence waliwapa watu ladha mbalimbali na kuwataka wachague sauti inayolingana na kila moja, na wakaona kwamba watu hawachagui ovyo. Utamu huelekezwa kwenye sauti za juu na kwenye piano; uchungu huelekezwa kwenye sauti za chini na kwenye tarumbeta na jamii yake. Watu hao hawakuwa na hali adimu iitwayo sinesthesia, ambayo humfanya mtu asikie rangi au aone sauti pasipo kutaka. Walikuwa watu wa kawaida kama wewe na rafiki yako. Kwa hiyo mtu anayekunywa chai yenye utamu mwepesi na kukumbuka filimbi iliyo mbali anafanya jambo ambalo akili za watu wengi zina mwelekeo wa kulifanya. Filimbi ni ya juu, ni ya hewa, na umbali unaifanya iwe hafifu. Ukitaka kuueleza utamu wa theanini bila kutumia neno "utamu," huwezi kukosea sana kwa kusema hivyo.

Utafiti huo una upande wa pili unaohusu swali lako la mwisho, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Muziki unaopigwa wakati wa kuonja hubadilisha kile tunachokionja. Katika jaribio la mwaka 2012 kundi hilo liliwapa watu peremende yenye utamu na uchungu pamoja, na wale waliosikilizishwa sauti nzito za chini waliiona kuwa chungu zaidi kuliko walipoionja huku wakisikia sauti nyembamba. Nao Kimberly Yan na Robin Dando wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha mwaka 2015 kwamba kelele kubwa kama ya ndani ya ndege hupunguza utamu unaohisiwa na kuikuza umami. Ukiweka muziki, basi, unaongeza kitu ndani ya kikombe. Siukatazi, nami mwenyewe hufanya hivyo. Lakini sitaki uongeze kitu katika chai ambayo bado hujaijua. Vikao vyako vitatu vya kwanza viwe vya kimya kabisa, wewe na kikombe na ule mstari wako wa karatasi. Kikao cha nne, weka muziki.

Muziki gani? Kwa Longjing jibu langu ni moja wala sisiti: guqin. Hii ni ala ya kale ya Kichina yenye nyuzi saba zilizotandazwa juu ya ubao mrefu uliopakwa laki, na alama 13 kandoni zinazomwongoza mpigaji mahali pa kugusa. Kwa karne nyingi nyuzi zake zilikuwa za hariri. Sauti yake ni ndogo mno, kiasi kwamba haikukusudiwa ukumbi mkubwa. Ilipigwa chumbani kwa ajili ya mpigaji mwenyewe au rafiki mmoja. Uzi unaweza kupigwa wazi ukatoa sauti nene, unaweza kuguswa kidogo tu ukatoa mlio safi kama wa kengele ndogo, na unaweza kubanwa kwenye ubao na kutelezwa. Ninachotaka ukisikilize ni huo mtelezo. Mkono wa kulia hudonoa uzi mara moja, kisha mkono wa kushoto huendelea kuteleza juu ya uzi huo huo, ukiipandisha na kuishusha sauti inayozidi kufifia, na mara nyingine kidole huendelea kusogea hata pale ambapo sikio karibu halipati tena kitu isipokuwa mkwaruzo mwepesi wa kidole juu ya uzi. Muziki umehamia katika kile kinachobaki baada ya mdonoo. Mimi sijui ala nyingine inayoieleza huigan kwa ukweli namna hiyo: mguso mmoja, kisha mabaki marefu yanayobadilika yenyewe, yakiwa na ukakasi ndani yake, na mwisho ambao huwezi kuutaja ulipo.

Ukitaka pa kuanzia, tafuta kipande kiitwacho "Liu Shui," yaani maji yatiririkayo, kilichopigwa na Guan Pinghu. Rekodi yake ya dakika saba na zaidi ilichaguliwa kuwekwa katika sahani zilizorushwa angani na vyombo vya Voyager mwaka 1977, kwa hiyo haitakuwa vigumu kuipata. Katikati yake mna sehemu yenye msukosuko ambayo, nikiri, ni kubwa kuliko kikombe chochote cha Longjing. Mwanzo wake wa polepole na milio yake safi ya juu ndiyo inayofaa. Iweke kwa sauti ya chini, chini kuliko unavyodhani inatosha, na uanze kuisikiliza baada ya kumeza badala ya kabla.

Si lazima muziki utoke mahali ilikotoka chai. Kinachotakiwa ni ala moja au mbili, sauti chache zinazopewa nafasi ya kufa zenyewe kabla ya nyingine kuingia, na pasiwe na maneno, kwa kuwa maneno huikamata akili na kuiondoa kinywani. Piano inafaa ikiwa mpigaji hana haraka. Vipande vitatu vya mtunzi Mfaransa Erik Satie viitwavyo "Gymnopédies," vya mwaka 1888, vimewafaa wanafunzi wangu wengi, ingawa mimi huviona vitamu mno kwa Longjing na huviweka kwa chai yenye harufu ya maua zaidi, kama Biluochun ya Suzhou. Kwa sencha ya mvuke ningekuelekeza kwenye shakuhachi, filimbi ya mwanzi ya Kijapani yenye urefu wa kama sentimita 54.5 na matundu matano. Ndani yake unaisikia pumzi ya mpigaji pamoja na sauti, na wapigaji hawaifichi pumzi hiyo, wala haipaswi kufichwa; ni ule ule ubichi wa jani lililopitishwa kwenye mvuke, wenye makali kidogo na hewa nyingi. Longjing iliyopita kwenye karai ina joto la mbao, sencha ina ubaridi wa pumzi, na ukizinywa moja baada ya nyingine huku ukibadilisha ala, nina hakika utanielewa bila maelezo zaidi.

Yako mambo mawili madogo ya kukumbuka. Majani yale yale unaweza kuyamiminia maji mara tatu. Mmimino wa pili uwe mfupi kuliko wa kwanza, kwa kuwa majani yamekwisha kufunguka. Mara nyingi huo ndio mnene kuliko yote, na wa tatu hubaki na utamu mwembamba tu. Usimimine huku muziki ukiendelea kana kwamba ni kazi ya pembeni. Acha kipande kiishe, mimina, kisha uanze tena. La pili ni kopo lenyewe. Chai ya kijani huchuja haraka ikikutana na hewa, mwanga, joto na unyevu, na kopo lililofunguliwa limalizwe ndani ya wiki chache. Ukilihifadhi kwenye jokofu, liache lirudi kwenye joto la chumba kabla ya kulifungua, ama sivyo unyevu utaganda juu ya majani na kuyaharibu. Ikiwa kopo ulilopewa lina zaidi ya mwaka, harufu yake ya juu imekwisha kuondoka, na hakuna ala itakayoirudisha.

Nirudi kwa rafiki yako. Hujaniuliza namna ya kumpima, lakini nitakupa, kwa kuwa itawafaa nyote wawili. Mwalike, mpikie Longjing kwa maji ya nyuzijoto 75, mnywe kimya, kisha umwulize swali moja tu: filimbi yake huanza wapi? Je, ni pale harufu inapopanda, au ni baada ya kumeza, ukakasi unapolegea? Anayeigiza atakujibu kwamba huisikia tu, kila mahali. Akikuonyesha kwa kidole mahali fulani kwenye mstari wako wa karatasi, mpe kikombe cha pili, na wewe ungoje mahali hapo hapo.